Jikoni kwa Anti: saladi ya kuku ya Kiasia na sosi isiyojua maziwa

Toleo lililopita niligusia tu, mistari mitatu haizidi, kwamba siku hizi kwangu kuku akibaki hapashwi moto tena, anachambuliwa anaingia kwenye saladi ya kabichi yenye ndimu na karanga kama wanavyokula Vietnam, na sosi yake haina maziwa hata tone. Basi, nikaendelea na habari zangu za maandazi. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka nikaogopa kushika simu, wengine mmeuliza kistaarabu, wengine mmenigombeza kabisa eti nimewatajia chakula halafu nikaondoka na sufuria. Haya, nimerudi nayo. Nimechukua maswali saba, mengine nimeyafupisha, msinune.

Mama wa wawili, Tabata

Shikamoo anti. Mume wangu maziwa hayamkubali kabisa, akinywa chai ya maziwa tu tumbo linanguruma mpaka wageni wanasikia. Saladi zote nazozijua mimi ni za mayonezi, na mayonezi si maziwa yale? Naomba unielekeze hiyo ya Kiasia toka mwanzo, uniandikie kama unamwandikia mtu ambaye hajawahi kununua soya sosi maishani mwake, maana ndo mimi.

Marahaba mwanangu. Kwanza umwombe mumeo radhi, mayonezi si maziwa. Ni mafuta, kiini cha yai, siki na chumvi, ule weupe unatokana na mafuta kupigwa mpaka yakavunjika vitone vidogo mno, si ng'ombe. Amekoseshwa bure miaka yote hiyo. Ila sosi za dukani zile nyeupe za ranchi, hizo ndo zina maziwa kweli, na nyingine za chupa unakuta yamo kimyakimya, kwa hiyo geuza chupa usome mgongoni. Na usishangae tumbo lake, watu wazima wengi duniani kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hupungua wakishakua, ndo maana mtoto alikuwa anakunywa kikombe kizima na leo kijiko kinamshinda. Hilo ni tofauti na mzio wa maziwa, mzio ni kinga ya mwili inashambulia protini, mtu anavimba midomo au anabanwa kifua, huyo si wa kujaribujaribu, ni wa daktari.

Sasa sikiliza, hili ndo nalotaka ulishike kabla hujawasha jiko. Watu wakisikia "bila maziwa" wanaanza kutafuta cha kuziba pengo, maziwa ya mlozi, krimu ya soya, sijui jibini ya nini. Kwenye hii saladi hakuna pengo. Jikoni kwa mtu wa Hanoi kule Vietnam au wa Vientiane kule Laos hawakuyatoa maziwa, hayakuwemo toka zamani. Sosi yao inasimama kwa vitu vinne, chumvi, uchachu, utamu na ukali, na mafuta kidogo mno ukilinganisha na zile za Kifaransa ambazo mafuta ndo bwana mkubwa. Kwa hiyo usiniulize "badala ya krimu niweke nini". Usiweke kitu.

Kuku wa watu wanne: vidari viwili vikubwa, yaani kama gramu 500 hivi. Najua nitachukiwa hapa, lakini kuku mbichi usimfungulie bomba ukamsugua kwenye sinki, yale maji yanaruka na vijidudu mpaka kwenye vyombo vilivyoanikwa, mfute na karatasi ya jikoni inatosha, moto ndo utaua. Weka kwenye sufuria, maji ya baridi yampite vidole viwili, kipande cha tangawizi kilichopondwa, nusu kitunguu, kijiko kidogo cha chumvi. Moto wa wastani. Ukiona vipovu vimeanza pembeni ya sufuria punguza, maji yawe yanapumua tu, yasiruke ruke, maana kidari ukikichemsha kwa fujo kinakuwa kama sponji ya kuoshea vyombo na hakuna sosi itakayokiokoa. Dakika kumi, zima, funika, usifunue kwa umbea, kiache dakika kumi na tano. Toa kimoja ukate pale penye unene, kusiwe na wekundu na maji yake yawe meupe. Mwenye kipimajoto anataka aone nyuzi 74.

Akipoa mpaka unaweza kumshika, mchambue kwa vidole. Kisu weka mbali. Fuata nyuzi zake, vipande viwe unene wa njiti ya kiberiti au mbili, kwa sababu nyama iliyochanwa ina manyoya manyoya ya kushikilia sosi na iliyokatwa kwa kisu ni laini kama tailisi, sosi inateleza inaishia chini ya bakuli.

Kabichi nusu, ndogo, ikate nyembamba mpaka ujionee huruma. Nyunyiza nusu kijiko kidogo cha chumvi, ikande kidogo na mikono, iache dakika kumi uikamue. Hapa sikufundishi kitu, ni ile ile unayofanya kitunguu cha kachumbari. Karoti mbili zikwaruze, tango moja toa mbegu ulikate, kitunguu kikate nyembamba ukiloweke kwenye siki na sukari kidogo kiache ukorofi. Giligilani fungu zima, nyie wa Nairobi mnaita dhania, na nanaa kama unayo, majani yawe mengi, si ya kupambia. Wenzetu Vietnam wanatumia jani lao moja linaitwa rau răm, lina ukali wa pilipili na harufu ya giligilani, kwetu silijui sokoni, kwa hiyo changanya giligilani na nanaa utakaribia.

Karanga nusu kikombe, kaanga kavu bila mafuta, zisugue maganda yatoke, zitwange kwenye kinu mara nne tano uache. Tunataka mabonge, hatutaki unga. Na ukikuta karanga imekunjamana ina ukungu au chungu, tupa, usiseme moto utaisafisha, ile sumu ya kuvu haiondoki kwa kukaangwa.

Sosi sasa. Chukua chupa ya jamu tupu yenye kifuniko. Tia maji ya ndimu vijiko vitatu vikubwa, sukari kijiko kimoja kikubwa, tikisa mpaka sukari iyeyuke KABLA ya mafuta, maana sukari kwenye mafuta haiyeyuki utaikuta chini inakuangalia. Halafu soya sosi vijiko viwili vikubwa, saumu punje moja iliyotwangwa, tangawizi mbichi kipande cha kidole gumba uikwaruze, pilipili kwa roho yako, mafuta ya alizeti vijiko viwili vikubwa, mafuta ya ufuta yale meusi yaliyokaangwa kijiko kimoja KIDOGO. Hayo ya ufuta ni kama marashi, ukizidisha nyumba nzima inajua. Ukitaka nzito itulie isijitenge, ongeza kijiko cha siagi ya karanga. Funga tikisa. Usiionje kwa kidole, ikiwa peke yake itakuonea, chovya kipande cha kabichi ndo uonje, na ikubane kidogo, kwa sababu bakuli zima la majani linakuja kuipunguza makali.

Changanya wakati watu wameshanawa mikono. Karanga juu, mwisho kabisa.

Msomaji, Tanga

Anti mimi mwanangu ana mzio wa maziwa wa kweli kabisa, alishalazwa. Wifi yangu kasoma mapishi fulani yanasema siagi ya karanga na maziwa ya nazi, kasema vyote hivyo mtoto asiguse. Je ni kweli? Na je tui naweza kulifanya sosi ya saladi?

Wifi yako kapotezwa na Kiswahili chetu, siyo kosa lake. Siagi ya karanga haina siagi, ni karanga zimesagwa zikatoa mafuta yake. Na maziwa ya nazi ni jina la kwenye kopo tu, wewe wa Tanga unajua vizuri lile ni tui, nazi haikunyonyesha mtu. LAKINI, na hapa wifi apewe heshima yake: ule unga wa tui wa pakiti, wa kukoroga na maji, mwingi wake huongezwa protini ya maziwa ili ukorogeke vizuri. Kwenye pakiti utaona wameandika casein au caseinate, au whey. Kwa mtoto aliyelazwa hilo si jambo la kubahatisha, kuna nazi sokoni, kuna mbuzi ndani, kuna wewe.

Na ndiyo, tui linafaa sana, Thailand baadhi ya saladi zao wanazimwagia tui na ndimu na pilipili. Chukua tui zito (chuja la kwanza usiongeze maji mengi) kikombe kimoja, liweke moto mdogo ukikoroga mpaka lianze kufuka na kuchemka mara moja tu, lisikatike, epua. Lipoe. Nasema lipoe kabisa, kwa sababu ukitia ndimu tui likiwa moto litakatika mbele ya macho yako utabaki na maji na vidonge vidonge. Likishapoa ndo ndimu vijiko viwili, chumvi, tangawizi, pilipili mbuzi ichanwe tu isitwangwe, na sukari kidogo. Hii inapendeza na embe bichi lililokwaruzwa kuliko kabichi, mimi naona hivyo. Ile siku ile mle mmalize, tui halina subira na joto la Tanga, na ukiliweka friji linaganda kama mafuta ya nywele.

Msomaji, Dodoma

Nimejaribu kwa kukisia baada ya kusoma lile toleo, kuku sawa, kabichi sawa, lakini ilikuwa na chumvi mpaka tukanywa maji usiku kucha. Nilitumia soya sosi nyeusi nzito. Nimekosea wapi?

Umekosea chupa na umekosea mkono, vyote viwili. Soya sosi ziko za aina nyingi ila kwetu utakutana na mbili, nyepesi inayotiririka kama chai ya rangi, hiyo ndo ya saladi, na nyeusi nzito yenye kautamu, hiyo kazi yake ni kupaka rangi nyama na wali, ukiitia kwenye saladi kabichi inageuka kama imemwagikiwa oili. Na hiyo nyepesi usiidharau kwa wepesi wake, chumvi imo ya kutosha, kijiko kimoja kikubwa kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe hata gramu 5 kwa siku. Kwa hiyo vijiko viwili kwa watu wanne, usivuke, na ile chumvi ya kukandia kabichi uikamue kweli itoke na maji yake, wengi wanakanda halafu hawakamui, hapo ndo mlipoharibikiwa nadhani.

Ikishazidi chumvi usiongeze maji. Ongeza kabichi, tango, ndimu kidogo na sukari kidogo. Na mwenye shida na ngano aelewe soya sosi nyingi zina ngano ndani, jina la soya limeificha.

Ummu wa watatu, Muscat

Assalaamu alaykum. Watoto wangu wa huku wamezoea saladi za mikahawani, nataka niwatengenezee nyumbani. Tatizo wa kati karanga zinamdhuru. Halafu mapishi mengi ya Kijapani yanataka mirin, mie sijui ni nini, na siiamini.

Waalaykumu salaam ummu. Usiiamini, mirin ni ya mchele na ina pombe, ile ya asili. Zipo za chupa zinazoandikwa hazina, ila huna haja nayo, siki nyeupe na sukari kidogo inafika kule kule.

Kuhusu karanga, wewe uko mahali ambapo jawabu liko kwenye kabati la kila nyumba, tahina, lile rojo la ufuta uliosagwa. Na si kulazimisha, kule Sichuan, China, wana kuku wao wa baridi anapakwa rojo la ufuta lenye pilipili na siki, anaitwa kuku wa bang bang. Bang ni fimbo kwa Kichina, walikuwa wanamponda kwa rungu la mti nyuzi zilegee ndo wanamchambua. Nimejaribu na mchi wa kinu, mgumu mgumu wa kifuani anakuwa laini ajabu, na hasira zinapungua.

Fanya hivi: tahina vijiko vitatu vikubwa, tia ndimu vijiko viwili. Itakaza ghafla itakuwa kama saruji, utasema umeharibu, hujaharibu. Ongeza maji ya vuguvugu kijiko kimoja kimoja ukikoroga, itaachia, itakuwa nyeupe nyororo mpaka mgeni aseme hii si mtindi hii? Hapo ndo soya sosi, saumu, pilipili, asali. Badala ya karanga juu kaanga mbegu za maboga au za alizeti.

Onyo moja tu: uhakikishe ufuta haumdhuru. Wapo wenye mzio wa ufuta pia, Marekani mpaka wameuingiza kwenye sheria ya lebo, toka Januari 2023 lazima utajwe kama karanga na maziwa vinavyotajwa. Kama hajawahi kuula na daktari wake hajasema kitu, uliza kwanza.

Na kwa kuwa tumeutaja ufuta, mniruhusu nilalamike kidogo. Tanzania ni katika wakulima wakubwa wa ufuta Afrika, Lindi na Mtwara wanauvuna kwa magunia, na mwingi unapanda meli kwenda Asia ukiwa mbegu. Halafu mimi Kariakoo nanunua kichupa kidogo cha mafuta ya ufuta yaliyokaangwa kwa bei ya kilo mbili za nyama, chenye maandishi ambayo siyasomi. Huenda ni ufuta wa shamba la mjomba wangu umerudi umevaa suti. Siku hizi nakaanga mbegu mwenyewe mpaka ziwe za kahawia, natwanga na chumvi, naweka juu ya saladi, harufu ile ile.

Kijana wa Kigoma, sasa Columbus, Ohio

Anti huku kila mgahawa una "saladi ya kuku ya Kichina", ina vitu vya kukauka kau kau kama chipsi na vipande vya machungwa. Rafiki yangu Mchina ananicheka anasema kwao hakuna. Nani mkweli?

Rafiki yako. Hiyo ni ya huko huko ulipo. Anayetajwa sana kwa kuieneza ni Sylvia Wu, mama wa Kichina aliyefungua mgahawa wake Santa Monica, California, mwaka 1959, wateja wake walikuwa mpaka wacheza filamu wa Hollywood. Baadaye mpishi Wolfgang Puck akaiweka kwenye mgahawa wake Chinois on Main, mji ule ule, mwaka 1983, ikawa ya kisasa, halafu kila mtu akaiga, machungwa ya kopo yakaingia, ile mikate ya wonton iliyokaangwa ikaingia, na sukari ikaingia zaidi ya vyote. China kwenyewe kuku wa baridi wapo wengi, yule wa fimbo niliyemsema, na wa kusini anachemshwa taratibu halafu anatumbukizwa kwenye maji ya barafu ngozi ikaze, analiwa na tangawizi na majani ya kitunguu. Lakini lundo la majani mabichi na kuku juu yake, hapana.

Hainizuii kuipenda mimi. Pilau nayo ilitoka kwa wenyewe ikatukuta. Kwa faida yako wewe wa huko ni kwamba sosi yake haina maziwa pia, ni siki ya mchele, mafuta, soya sosi na ufuta, ukiitengeneza nyumbani punguza sukari nusu. Wonton huna haja ya kuzisaka, kata chapati iliyolala nyuzi nyembamba, kaanga, utanikumbuka.

Msomaji, Nairobi

Habari ya kazi anti. Mimi nabeba lunch kila siku, natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na nakula saa saba, ofisini fridge ipo lakini ni ya kugombania. Hii salad itafika?

Itafika ukiibeba kwa akili. Nikuambie yaliyonikuta kwanza. Kulikuwa na kikao cha familia kwetu, mambo ya mahari, nikajitia hodari nikaichanganya saladi yote saa sita na sosi yake, bakuli kubwa la kuogeshea mtoto lile, nikaifunika na kanga. Wageni si wakachelewa, wamefika saa tisa na nusu. Nafunua, kabichi imeelea. Chumvi na ndimu vimenyonya maji yote ya mboga, kuku wamelowa, karanga zimekuwa kama maharage. Mjomba mmoja akaomba kijiko cha supu. Mpaka leo kwenye ukoo wetu ikitajwa saladi watu wananiangalia.

Kwa hiyo wewe sosi ikae kwenye kichupa chake, karanga kwenye kikaratasi chake, na mboga na kuku kwenye kontena. Kuku awe amelala friji usiku kucha, umchanganye akiwa baridi, usimchemshe asubuhi ukamfunika na moto wake, mvuke ule ndo unaanzisha ubaya. Nyama iliyopikwa haitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili, na kukiwa na joto la kupita nyuzi 32 ni saa moja tu, wewe una saa saba za safari na kazi. Friji ya kugombania igombanie, au gandisha chupa ndogo ya maji uiweke ndani ya mfuko pamoja na kontena, nayo iwe imeganda kweli siyo baridi baridi tu, na mfuko uwe ule wa kuhifadhi baridi. Ukifika saa saba imeyeyuka yote na chakula kina joto, usile, mnunulie mwenzio soda akugawie chakula chake. Nyumbani kuku aliyepikwa kwenye friji nampa siku tatu, ya nne namwogopa.

Sosi yenyewe ya ndimu na soya inakaa friji siku nne tano bila shida. Mafuta yatapanda juu, tikisa.

Mzee wa Kigoma

Binti, hizi habari za vidari vya broila ni za mjini. Huku tuna kuku wa kienyeji, anatembea siku nzima. Huyo hafai? Na ile supu mnamwaga?

Shikamoo mzee wangu. Anafaa, tena huyo ndiye mwenyewe. Wavietnam nao wanabagua kama sisi, wana gà ta, maana yake kama kuku wetu, wa kuchakura uani, na wana gà công nghiệp, kuku wa kiwandani, na bibi wa kule akitaka kutengeneza hii saladi, wao wanaiita gỏi gà, anatafuta gà ta hata kama ni ghali, kwa sababu nyama yake ina utamu na ukiichana haivunjiki unga.

Ila ile hesabu ya dakika kumi iache, hiyo ni ya watoto wa banda. Wako mchemshe mzima na tangawizi, kitunguu na chumvi, moto mdogo, mfunike, saa moja kwa mtetea mdogo, jogoo aliyewahi kuamsha kijiji mpe mbili au zaidi, choma na uma kwenye paja ukiona anaingia bila ubishi basi. Mwache apoe ndani ya supu yake, asikauke. Chambua paja, kifua, shingo, ngozi nayo ikate nyembamba utie, kule hawaitupi, mifupa irudishe sufuriani. Sosi kwa huyu ongeza ndimu na pilipili, nyama yake inajibizana. Wenyewe badala ya soya wanatumia sosi ya samaki, ni samaki wadogo wa baharini wa ukoo wa dagaa mchele, wanatiwa chumvi nyingi kwenye mapipa wakae karibu mwaka mpaka watoe maji ya rangi ya asali. Harufu yake mzee nisikufiche, ukifungua chupa majirani wanajua, ila ikishakutana na ndimu na sukari inatulia. Usipoipata soya itakusitiri.

Na supu haimwagwi hata kidogo, mzee, ndo nusu ya chakula. Kule gỏi gà huandaliwa na uji, bakuli la saladi hapa na bakuli la uji pale. Mchele kikombe kimoja, ukaange mkavu kidogo mpaka uanze kunukia, utie kwenye ile supu lita mbili na mifupa yake, moto mdogo, koroga mara kwa mara usishike chini, kama dakika arobaini punje zitapasuka uji uwe mzito wa kuteleza. Toa mifupa, tia chumvi, pilipili manga na majani ya kitunguu. Kijiko cha uji wa moto, tonge la saladi ya baridi, kijiko cha uji. Kama Kigoma imenyesha siku hiyo, anza na uji.